Je, Wajua? Nyumba ya Dola 20,000

Je, wajua kuwa katika Marekani yenye utajiri wote ule, wapo wanavijiji wanaozeekea katika vibanda vinavyovuja? Kaunti ya Hale, jimboni Alabama, ilikuwa nchi ya mashamba ya pamba. Mpiga picha Walker Evans alinasa umaskini wake mwaka 1936.

Mwaka 1993, Samuel Mockbee na D.K. Ruth, wahadhiri wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Auburn, walianzisha huko mradi wa wanafunzi wao uitwao Rural Studio. Wanafunzi walihamia kijijini, wakachora ramani, kisha wakashika nyundo wenyewe. Nyumba ya kwanza, iliyokamilika mwaka 1994, ilijengwa kwa marobota ya nyasi kavu yaliyopigwa lipu: kuta nene zinazozuia joto na baridi. Mbele ina baraza pana, maana wenyeji huko nao hupenda kupokea wageni nje. Nyingine, ya mwaka 2002, ina kuta za vipande 72,000 vya zulia!

Lakini swali zito lilikuja mwaka 2005. Mtu anayeishi kwa pensheni ndogo ya serikali anaweza kumudu mkopo wa nyumba wa kiasi gani? Hesabu ilitoa takribani dola 20,000: kama 12,000 za vifaa, zilizobaki ujira na faida ya mjenzi. Kikwazo kikubwa hakikuwa matofali wala mbao. Benki nyingi hazipendi mikopo midogo, kwa kuwa kazi ya kuishughulikia ni ileile, ilhali faida ni kiduchu.