Hita ya Pampu ya Joto: Bei Yake kwa Nyumba ya Kibiti

Hita ya pampu ya joto haizalishi joto, hulihamisha. Kazi yake ni ile ile ya friji. Anayepitisha mkono nyuma ya friji ya soda katika duka lolote la kando ya barabara ya Kilwa hukuta vuguvugu: hilo ni joto lililotolewa kwenye chupa. Hita hii huchota joto la hewa iliyo nje ya mashine. Gesi inayozunguka ndani ya mabomba membamba hulipokea, kompresa huibana gesi hiyo hadi izidi kupata moto, kisha joto lote huingia kwenye tangi la maji. Umeme huzungusha kompresa na feni tu. Ndiyo maana uniti moja ya umeme huyapa maji joto la uniti tatu, pengine zaidi kidogo, wakati koili ya kutumbukiza kwenye ndoo hutoa joto la uniti moja kwa uniti moja.

Hewa ikiwa na joto na unyevu, mashine hupata nafuu. Ulaya hupata taabu wakati wa theluji. Kibiti, hata alfajiri za Julai, hewa haina ubaridi wa kuisumbua. Kwa upande wa mashine, basi, Pwani ni mahali pake hasa. Ugumu uko mfukoni.

Ndoo ya lita 20 ikipandishwa kutoka nyuzi 25 hadi 40, joto la kuogea, hula uniti 0.35 hivi. Watu watano wakioga ndoo moja kila siku, mwezi huishia kwenye uniti 52. Kwa viwango vya Tanesco vilivyoanza 2016, mteja mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida 292. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, bei hufika shilingi 122 na 356. Maji ya familia hiyo kwa koili, basi, ni kama shilingi 6,300 kwa mwezi kwa mteja mdogo na 18,500 kwa yule mwingine. Pampu ya joto ingeushusha mzigo huo hadi theluthi: mteja wa kawaida angeokoa shilingi 12,300 kwa mwezi, chini kidogo ya 150,000 kwa mwaka.

Sasa bei ya kifaa. Marekani, ambako hita hizi zimezoeleka, hita yenye tangi la lita 190 haipatikani kirahisi chini ya dola 1,500 kabla ya ufundi. Dola moja ikihesabiwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 3,750,000, bila usafiri wala ushuru. Akiba ya 150,000 kwa mwaka hurudisha fedha hiyo baada ya miaka 25, na mashine yenyewe hutegemewa kuishi miaka 10 hadi 15. Mteja mdogo wa uniti 75 hana haja hata ya kupiga hesabu. Tena tangi hupoteza joto usiku kucha hata kama hakuna anayeoga. Ndoo yenye koili haina hasara hiyo.

Juu ya bei ya kifaa kuna ufungaji. Nyumba nyingi hupata maji kutoka tangi la plastiki lililopandishwa kwenye mnara wa mita tatu au nne. Presha ya kimo hicho ni ndogo, kwa hiyo huenda ikahitajika pampu ya kusukuma maji. Mabomba ya kawaida ya plastiki hulegea kwa maji moto. Inabidi yafumuliwe na kuwekwa ya PPR, yanayounganishwa kwa pasi. Waya wa umeme huwa wake peke yake, na swichi yake, na ethi iliyozikwa vizuri ardhini. Na kwa kuwa kompresa huumizwa na umeme unaopanda na kushuka, stabilaiza si anasa. Jambo la kutia moyo ni kwamba fundi friji hatakuta kitu kigeni: nyingi ya hita hizi hutumia gesi ya R134a, ile ile ya friji nyingi za zamani.

Kwenye delta ya mto Rufiji hesabu hubadilika kabisa. Visiwani huko maji ya kuoga huchemshwa kwenye mafiga, kwa kuni zilizookotwa, nyingine za mikoko, ijapokuwa msitu huo ni hifadhi na kuukata kunataka kibali. Umeme wa paneli ndogo ya jua huwasha taa na kuchaji simu, si kompresa. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula mapezi ya alumini ya mashine, na maji ya kisima chenye chumvi hulitoboa tangi kutoka ndani. Mafuriko nayo yapo: yale ya 2024 yalifunika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na kifaa kilichokaa sakafuni hakivumilii hata siku moja ya maji. Zaidi ya hayo, pampu nyingi huishia nyuzi 55 au 60. Maji ya kumkanda mzazi katika siku zake arobaini, yanayotakiwa kufuka mvuke, yangerudishwa jikoni vilevile.

Inachekesha kidogo kwamba mto huo huo wa Rufiji ndio unaozungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na umeme wake ukitoka bwawani hushika kwanza njia ya Chalinze.

Anayeweza kufaidika ni mwenye gesti. Wageni 30 wakioga ndoo mbili mbili kwa siku hula uniti 21, sawa na 630 kwa mwezi, yaani shilingi 224,000. Theluthi mbili ya hizo, kama 149,000, ingebaki mkononi kila mwezi. Hata kifaa kikubwa cha shilingi 7,500,000 kingejilipa kwa miaka minne na ushei. Hewa baridi na kavu inayotoka kwenye mashine inaweza kuelekezwa stoo au chumba cha kukaushia mashuka.

Kwa nyumba ya kawaida, mshindani wa hita hii yuko juani. Hita ya jua ya bomba za vioo haina kompresa wala haigusi LUKU mchana wa jua kali. Na tangi jeusi lililo juu ya mnara, saa tisa alasiri, hutoa maji ambayo mtu huyaacha kwanza bombani yapoe kabla hajajimwagia.