CHANJO ISINGOJE MELI

Mwaka 2014 Pemba ilifaulu kuutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa kwa kuwachanja mbwa. Mwaka 2016 maradhi hayo yalivuka bahari yakarudi kisiwani, na hayakuzimwa tena hadi mwaka 2018.

Kazi ya kuchanja mbwa tunaipongeza. Tunalouliza ni juu ya mtu aliyekwisha kuumwa. Jeraha huoshwa papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi huchanjwa bila kukawia. Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Je, mzazi wa Micheweni mwenye mtoto aliyeumwa usiku anajua ni hospitali ipi yenye chanjo? Na ikiwa imekwisha, ataulizwa nani?

Sisi twasema waulizwe wakuu wa wilaya. Madiwani wa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani waletewe kila mwezi hesabu ya chanjo zilizomo ghalani, na ya walioumwa wakamaliza sindano zao. Ghala nalo likaguliwe kwa ghafla, si kwa ziara iliyotangazwa wiki nzima. Bwana Mifugo naye apashwe habari siku ile ile, mbwa asakwe kabla hajamuuma mwingine.