Kolwezi: Mwanafunzi anayetoka Mutoshi anapanga nini?

Mwanafunzi anayejitambulisha chuoni kuwa anatoka Mutoshi hahitaji maelezo mengi. Hapa Kolwezi, jina hilo ni shaba na kobalti. Kuna vijana waliokua wakiona wazazi wakichimba, wakiosha na kubeba mawe, na minervali yao ikatoka humo humo. Ndiyo maana wanavutiwa na jiolojia na uhandisi wa migodi.

Mutoshi yenyewe imewapa somo. Kuanzia 2018, kampuni ya Chemaf iliruhusu wachimbaji wadogo wa koperative kufanya kazi ndani ya eneo lake lililozungushiwa uzio. Mashine ziliondoa udongo wa juu, wachimbaji walivaa kofia na buti, wanawake nao wakapata kazi. Mwaka 2020, wakati wa korona, mradi ulisimamishwa.

Mwenye diploma ya migodi kwa kawaida hutamani kazi katika kampuni kubwa, lakini nafasi hazitoshi wote. Wachimbaji wadogo nao wanahitaji wataalamu: mtu wa kukagua shimo kabla halijaporomoka, na wa kusoma metorex kwenye depo ili mchimbaji asidanganywe kiwango cha madini yake. Kazi hiyo ipo, kukiwa na mradi au bila mradi.