Colito Ilivyogeuka Lugalo

Julai 1916, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Kamanga, mji wa Mwanza ulitoka mikononi mwa Wajerumani. Miongoni mwa waliouteka walikuwamo askari wa King's African Rifles, maarufu kwa jina la Keya.

Keya wenyewe walizaliwa kwa muungano. Mwaka 1902 vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika Mashariki viliwekwa chini ya jina moja. Mwaka 1917 batalioni ya sita iliundwa upya, na humo wakaingizwa askari waliokuwa wamempigania Mjerumani!

Batalioni hiyo ilijijengea fahari yake. Mei 1941 ilipigana Colito, Ethiopia, na kambi ya Dar es Salaam ikapewa jina hilo. Uhuru ulipofika 1961 jina la batalioni likawa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wengi walibaki Waingereza, na mishahara ya askari ikabaki duni. Tarehe 20 Januari 1964 wakaasi. Siku tano baadaye makomando wa Uingereza, walioshushwa kwa helikopta, waliwanyang'anya silaha.

Mwalimu Nyerere hakutaka kutia viraka. Alilivunja jeshi zima, na Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa, vijana wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Mjerumani Zelewski mwaka 1891.

Ulikuwa uamuzi sahihi. Hata hivyo, Watanganyika waliopigana Ethiopia na Burma nao wanastahili kufundishwa shuleni pamoja na mashujaa wa Lugalo.