Vyakula Vyepesi vya Kiangazi: Tujifunze kwa Wenzetu wa Nzega



Msimu wa kuchuma unapoingia, kila mtu wa nyumbani huwa na kazi mbili. Mchana ni mikarafuuni, na usiku ni kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Kazi hii ya pili mara nyingi huwaangukia kina mama na watoto, na ni kina mama hao hao wanaotazamiwa wawe wamekwisha pika. Matokeo yake twayajua sote. Chakula huchukuliwa dukani kwa mkopo, mkate na chai hushika mahali pa chakula cha jioni, na siku karafuu zinapouzwa, sehemu ya fedha huwa imekwisha liwa.

Kwa hivi tumependa kueleza namna wenzetu wa Nzega wanavyojiwekea chakula cha kiangazi. Si chakula cha gharama, wala hakitaki ujuzi mkubwa. Jambo lake kubwa ni moja: kazi hufanywa mapema, wakati mtu ana nafasi, ili siku ya haraka ibaki kutia chungu motoni tu.

NCHI YA NZEGA

Nzega ni mji na wilaya katika Mkoa wa Tabora, kaskazini ya mji wa Tabora wenyewe. Ni nchi ya Wanyamwezi, watu waliojulikana sana katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Nao si wageni kwetu. Wanyamwezi wengi walivuka bahari wakaja Unguja na Pemba kulima na kuchuma karafuu kwa ujira, na wengine walikaa moja kwa moja.

Huko mvua hunyesha kuanzia Novemba hata Aprili hivi. Baada ya hapo huja kiangazi kirefu, na mboga mbichi huadimika. Basi watu wa Nzega hukausha vyakula vyao mapema, wakati shamba bado lina kitu. Sisi tunaoanika karafuu kila mwaka hatuna haja ya kufundishwa kazi ya jua. Lililobaki ni kulitumia kwa chakula pia.

MICHEMBE NA MATOBOLWA

Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa, lakini havifanani. Michembe hukatwa vibichi. Viazi humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa hata vikauke kabisa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa. Kwa kuwa yamekwisha iva, huweza kutafunwa vivi hivi kwa chai au kwa maziwa ya mgando. Mchumaji aweza kuyatia mfukoni akala chini ya mkarafuu.

Kupika michembe, ioshe na kuiroweka kwa muda wa nusu saa, kisha uichemshe hata ilainike. Huko Nzega hutiwa karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Sisi twaweza kutia tui la nazi na hiliki, na kitakuwa chakula cha kutosha kwa jamaa nzima.

NSANSA

Nsansa ni mboga ya majani yaliyokaushwa, hasa majani ya kunde. Chagua majani machanga, yaoshe, uyatie katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha uyachuje. Yaanike penye upepo, lakini si juani moja kwa moja, kwa maana jua kali huharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Yakiwa makavu ya kuvunjika mkononi, yatie katika kopo lenye kifuniko cha kubana.

Siku ya kupika, yaroweke kidogo, kaanga kitunguu na nyanya, utie majani na maji, yachemke hata yalainike. Mwisho koroga karanga zilizosagwa katika maji ya vuguvugu, umimine, upike kwa moto mdogo huku ukikoroga ili zisishike chini. Huliwa kwa ugali au wali. Karanga hizo huongeza nguvu ya mboga, na siku samaki hapatikani hatutakula wali mkavu.

MSETO WA CHOROKO

Nzega hulimwa mpunga na choroko pia, na mseto wake si mgeni Visiwani. Tumeutaja kwa sababu ndio chakula rahisi kuliko vyote kwa watu wengi. Chukua vikombe viwili vya mchele kwa kikombe kimoja cha choroko. Chemsha choroko kwanza hata zianze kulainika, kisha utie mchele, tui na chumvi, ufunike, uache moto mdogo. Kwa kutia choroko, mchele utapungua na watu watashiba zaidi. Wenye kutazama deni la dukani wazingatie jambo hili.

Cha kunywa, ukwaju hupatikana huko na hapa. Uroweke, uukamue, uuchuje, utie asali. Mkoa wa Tabora una sifa ya asali yake ya misitu ya miombo. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kumdhuru.

TUSIIGE BILA KUBADILI

Hapa pana jambo la lazima. Hewa ya Nzega wakati wa kiangazi ni kavu. Hewa yetu imezungukwa na bahari, nayo ina unyevu. Kipande cha kiazi kinene kitakachokauka vizuri huko, huku chaweza kuota ukungu ndani hali juu kinaonekana kikavu. Basi sisi tukate vyembamba zaidi, tuanike baada ya masika kupita, tuvitoe ndani jua linapopungua kabla umande haujaanguka, na kila baada ya wiki chache tuvirudishe juani kwa saa chache.

Kipimo chake kila mwanachama anacho tayari. Karafuu iliyokauka vema ukiikunja huvunjika kwa mlio; ikipinda, haijakauka. Mchembe nao ni hivyo hivyo.

Chakula kilichoota ukungu kitupwe, na karanga zilizosinyaa au kugeuka rangi zitengwe. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hasara ya kutupa ungo mmoja wa viazi ni ndogo mno kuliko hiyo.

Tena, chakula kisianikwe juu ya jamvi la karafuu, wala kisiwekwe chumba kimoja na magunia yake. Harufu ya karafuu huingia katika viazi na majani, na takataka za chakula zikiingia katika karafuu hushusha daraja lake. Chakula kiwe na ungo wake, kifunikwe kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi.

KULA KIKOA

Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika habari za iwanza, nyumba ya baraza ambamo wanaume wa kijiji cha Unyamwezi walikutana. Sisi tunayo desturi yetu ya kula kikoa, na msimu wa kuchuma ndio wakati wake hasa. Nyumba nne au tano zilizo jirani zipatane: leo mmoja apike mseto kwa wote, mwingine alete nsansa, mwingine samaki, mwingine ukwaju. Kesho zamu igeuke. Hivyo mama mmoja atapika chungu kikubwa siku moja, na siku zinazofuata atakuwa na kazi nyepesi.

Ila chakula kilichopikwa kisikae saa nyingi katika joto. Kipikwe karibu na wakati wa kula, kifunikwe, na kikibaki kipashwe moto hata kichemke kabla ya kuliwa tena.

Twashauri kila nyumba ianze kwa kidogo mwaka huu: debe moja la michembe na kopo mbili za nsansa, zikauke kabla ya karafuu ya kwanza kuanguka jamvini. Mwenye njia iliyo bora zaidi na atuandikie, tuieneze kwa wengine.