Maliwato ya Nafasi Ndogo: Kibanda cha Kioo au Sakafu Wazi?

Wananchi na watumishi wa umma wanaojenga au kutengeneza nyumba zao wanakumbushwa kuwa bafu, ingawa ni chumba kidogo kuliko vyote, ndicho kinachoharibu nyumba kwa haraka zaidi pale kinapokosewa. Ukuta unaonyonya maji hufumuka chokaa, mlango huoza chini, sakafu hutitia, na maji yasiyojulikana yanakokwenda huishia kwa jirani au ndani ya kisima. Kwa sababu hiyo, uamuzi juu ya aina ya bafu haufai kuachiwa siku ya mwisho, pale fundi anapouliza marumaru ni za rangi gani.

Maelezo haya yamechukua mfano wa Chanika, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam katika Wilaya ya Ilala, mtu anapopita Gongo la Mboto na Pugu. Wapo wakaazi wa visiwani wenye jamaa zao huko, na wapo waliojipatia viwanja wakawa wanajenga kidogo kidogo kwa kudunduliza mishahara. Katika nyumba za namna hiyo, bafu na choo hutiwa pamoja katika chumba cha takriban mita 1.5 kwa mita 2. Hali hii haitofautiani na ya nyumba nyingi mpya za Fuoni au Tomondo, na kwa hiyo yanayoelezwa hapa yatawafaa walio Unguja na Pemba pia.

Aina mbili za bafu

Aina ya kwanza ni kibanda cha kioo. Pembe moja ya bafu huzungushiwa vioo na mlango, chini yake huwekwa sinia la kuogea lenye kingo, na maji hubaki humo humo. Vibanda vinavyouzwa madukani aghlabu huwa na upana wa sentimita 80 au 90 kila upande.

Aina ya pili ni sakafu wazi. Hakuna kibanda wala kizingiti. Sakafu yote ya bafu hujengwa kwa mteremko unaoelekea kwenye tundu la kutolea maji, na kuta huzuiliwa maji yasipenye. Anayeoga husimama popote palipo na bomba la mvua, na maji hujiendea yenyewe.

Aina hii ya pili si ngeni katika mwambao wetu, ingawa siku hizi inatangazwa kama mtindo mpya. Maliwato ya nyumba za zamani za Mji Mkongwe yalikuwa na hodhi la maji, kata ya kuchotea, na sakafu ya chokaa iliyolazwa ili maji yatoke. Hamamu la Hamamni, lililojengwa Unguja katika enzi ya Sultan Barghash bin Said aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, nalo lilijengwa kwa sakafu ya kupokea maji. Mafundi wa wakati huo walijua kuwa kazi kubwa ya bafu ni kuyapa maji njia.

Maji ndiyo yanayoamua

Kabla ya kuchagua, mwenye nyumba na ajiulize anaogaje kwa hakika, si anavyotamani kuoga. Kibanda cha kioo kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimama chini ya bomba la mvua lenye nguvu, siku zote za mwaka. Bomba la kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, na hivyo dakika kumi za kuoga humaliza lita 80 hadi 100, yaani ndoo nne au tano. Anayeoga kwa ndoo na kopo hutumia ndoo moja, nayo ni lita 20.

Wakaazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mgao wa maji wa miezi ya mwisho ya mwaka 2022, pale kina cha Mto Ruvu kilipopungua. Wakati kama huo hata nyumba yenye simtanki juu ya mnara hurejea kwenye ndoo. Ndani ya kibanda cha sentimita 80, mtu mzima akiinama kuchota maji kiwiko chake hugonga kioo, na ndoo yenyewe huchukua nafasi ya miguu. Kwenye sakafu wazi, ndoo na bomba hutumika bila ya kugombana. Mama humwogesha mtoto akiwa ameketi juu ya kigoda, na mzee huingia bila ya kuinua mguu kuvuka kingo.

Lipo pia suala la maji yenyewe. Nyumba zinazotegemea visima mara nyingi hupata maji yenye chumvichumvi. Maji hayo huacha ukungu mweupe juu ya kioo na hula bawaba na magurudumu ya mlango. Mlango ukishakwama, kifaa cha kubadilisha huwa ni kazi kukipata, na kibanda kilichogharimu fedha nyingi hugeuka mahali pa kuwekea fagio.

Mteremko na kuzuia maji

Sakafu wazi ina sharti lake. Ikijengwa kwa uzembe huwa mbaya zaidi kuliko kibanda, kwa kuwa maji hutuama chumba kizima. Mambo yafuatayo yanapaswa kusimamiwa kabla ya marumaru kulazwa.

Kwanza, mteremko. Sakafu ishuke kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita moja kuelekea kwenye tundu. Ikizidi sana mtu huteleza, na ikipungua maji husimama. Njia rahisi ya kukagua ni kuweka gololi penye kila pembe. Zote zinapaswa kubingirika zenyewe hadi kwenye tundu.

Pili, sakafu ya bafu iwe chini ya ile ya ukumbi kwa sentimita 2 hivi, ili maji yasivuke mlango.

Tatu, marumaru na saruji ya kati yake havizuii maji kupenya. Dawa ya kuzuia maji hupakwa juu ya zege na juu ya lipu kabla ya marumaru, ikapanda ukutani angalau sentimita 15 pande zote, na kufikia mita 1.8 au zaidi upande wa kuogea. Pembe za sakafu na ukuta, pamoja na mahali bomba linapopenya, ndipo panapovuja kwanza, na hapo dawa ipakwe kwa uangalifu zaidi.

Nne, tundu la kutolea maji liwe na kiwiko kinachobakisha maji ndani yake. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende kutoka shimoni. Bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa limwagiwe kopo la maji ili kiwiko kisikauke.

Tano, dawa ikishakauka, tundu lizibwe, sakafu ijazwe maji ya kina cha sentimita 2 au 3, na yaachwe kwa saa 24. Maji yakipungua kuliko yanavyoweza kukauka, au ukuta wa nje ukaonesha unyevu, fundi arudie kazi yake. Jaribio hili halina gharama, ilhali kubomoa marumaru baada ya mwaka ni hasara mbili.

Marumaru za sakafuni ziwe za kukwaruza kidogo, si za kung'aa. Zenye kung'aa huvutia dukani lakini zikilowa sabuni huangusha watu, khasa wazee na wajawazito. Vilevile, anayefunga hita ya umeme ya kuogea atumie fundi mwenye leseni ya EWURA, na nyaya ziunganishwe na ardhi. Maji na umeme usio na kinga ni mauti.

Maji yanakwenda wapi?

Hili ndilo swali linalosahauliwa kuliko yote. Chanika, kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hutegemea makaro na mashimo ya kiwanjani. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku kuogea, humwaga lita 200 kwa siku, sawa na mita za ujazo 6 kwa mwezi. Ardhi ya mchanga huyanyonya maji hayo. Ardhi yenye udongo mzito, kama ule unaopatikana katika baadhi ya sehemu za vilima vya Pugu, hunyonya polepole, na shimo dogo hujaa na kufurika, khasa wakati wa masika.

Inashauriwa maji ya kuogea yasiunganishwe na shimo la choo, bali yapitie kwenye chemba na kuingia katika shimo lake la kunyonyea lililojazwa mawe na kufunikwa. Mashimo yote yawekwe mbali na kisima. Umbali unaotajwa mara nyingi na wataalamu wa afya ni mita 30. Pale kiwanja kinapokuwa kidogo kisiweze kutoa umbali huo, maji ya kisima yasinywewe bila ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Maradhi ya kipindupindu yaliyozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kufika Zanzibar baadaye mwaka huo yalionesha wazi kuwa uchafu wa kiwanja kimoja si wa kiwanja kimoja.

Maji yaliyotuama nayo huzaa mbu wanaoeneza matende na mabusha. Huko Makunduchi, Unguja, kuanzia mwaka 1988, chembe nyepesi za polistirini zilimwagwa katika vyoo vya mashimo yenye maji ili mbu wasizaliane, sambamba na kuwapa wananchi dawa ya maradhi hayo. Mbu walipungua sana, na maradhi pia. Mwenye nyumba anayefunika shimo lake vyema hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia rahisi.

Wakati kibanda kinapofaa

Haielezwi hapa kuwa kibanda cha kioo ni kosa. Kinafaa katika nyumba ya ghorofa, ambako sakafu ya zege haikushushwa tangu mwanzo na maji yakivuja yatamwangukia aliye chini. Kinafaa pia katika nyumba iliyokwisha kukamilika ambayo mwenyewe hataki kuvunja sakafu, na pale ambapo maji hayakatiki. Atakayekichagua ahakikishe kuwa kioo ni cha aina iliyokazwa kwa moto, ambacho kikivunjika hutawanyika vipande vidogo butu badala ya visu. Unene wake usipungue milimita 6.

Kuna njia ya kati kwa wasiopenda choo kilowe kila mtu anapooga. Hujengwa ukuta mfupi wa tofali kati ya choo na mahali pa kuogea, au hutundikwa pazia la plastiki. Kwa wenye kuchunga tahara ya nguo na mwili, kizuizi hicho huondoa wasiwasi wa maji kuruka kutoka upande wa choo. Sinki la kunawia na kutilia udhu likiwekwa nje ya mlango, chumba hupata nafasi zaidi.

Kwa muhtasari, kwa bafu dogo la nyumba ya chini lenye maji ya mgao, sakafu wazi iliyojengwa vizuri ndiyo yenye manufaa zaidi, na fedha ambayo ingenunulia kioo ni bora itumike kwenye mteremko, dawa ya kuzuia maji na shimo. Wananchi wanaombwa kupata kibali cha ujenzi kutoka katika halmashauri zao na kumwonesha ofisa afya wa kata au wa shehia mahali pa shimo kabla ya kulichimba, kwani shimo likishachimbwa pasipostahili, marumaru nzuri haziwezi kulihamisha.