Kugeuza Faili la Filamu

Tuseme babu yako, mvuvi, alipigwa filamu akiwa mtumbwini karibu na Jiwe la Bismarck, Mwanza. Kompyuta yaionyesha, lakini mashine ya michezo ya mkononi yaikataa. Sababu ni nini?

Filamu huhifadhiwa kwa tarakimu, na kila mashine husoma mipango fulani tu ya tarakimu hizo. Picha moja yaweza kuwa na nukta 1920 kwa 1080. Kioo cha PlayStation Portable, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2004, kina nukta 480 kwa 272. Programu ya kugeuza hupanga tarakimu upya. Palipokuwa na nukta 16 hivi, hubaki 1. Mtumbwi utauona, lakini mikunjo ya uso wa babu hupotea, wala hairudi. Kwa hiyo, tunza faili la awali. Geuza nakala yake.

Zoezi: Kokotoa jumla ya nukta za picha na za kioo.